Kukarabati boti ya zamani ya faiba na kutandaza upya nyaya zake nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu boti za uvuvi za faiba zenye urefu wa futi 18 hadi 28, zinazosukumwa na mashine ya kupachika nyuma, ambazo leo zinaonekana karibu katika kila diko la pwani yetu. Nimeyaandika baada ya kukarabati boti ya futi 23 uani kwangu hapa Tanga, na baada ya kuwasaidia majirani kadhaa walionunua boti chakavu kwa matumaini makubwa. Kuna kanuni moja ambayo msomaji ataiona katika karibu kila jibu: usifunike kitu ambacho hujakiona kwa macho yako, na usijenge kitu ambacho hutaweza kukifikia tena kwa mkono.

Boti ya faiba yenye miaka 20 au 30 bado ina uhai?

Mara nyingi inao. Faiba yenyewe haiozi wala hailiwi na fukusi wa baharini, na ndiyo maana haihitaji kalafati, sifa (mafuta ya samaki) wala deheni (mpako wa mafuta na chokaa) kila msimu kama dau la mbao. Kinachokufa ni vitu vilivyofungiwa ndani yake: ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba mashine, mihimili ya mbao iliyo chini ya sitaha, povu la kuelea, na nyaya. Mafundi waliounda boti hizi walivika plaiwudi kwa faiba ili kupata ugumu bila uzito mwingi, na jambo hilo ni jema maadamu maji hayajaingia. Yakishaingia kupitia tundu moja la skrubu lisilozibwa, hayatoki tena, kwa sababu faiba ile ile iliyozuia maji yasiingie sasa inazuia ubao usikauke.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni namna boti ilivyohifadhiwa zaidi kuliko umri wake. Boti ya miaka 30 iliyokaa chini ya makuti, kifuniko cha kutolea maji kikiwa wazi, inaweza kuwa nzima kuliko boti ya miaka 8 iliyoachwa ufukweni ikikusanya maji ya masika.

Nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Nenda na vitu vinne: nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, bisibisi, tochi na drili ndogo ya betri. Nenda asubuhi, jua likiwa la pembeni, kwa maana mwanga wa namna hiyo huonyesha mabonde na viraka ambavyo jua la utosini huvificha.

Anza na ubao wa tezi. Gonga kwa nyundo kutoka juu kwenda chini, ukisogea sentimita tano tano. Ubao mzima hutoa mlio mkavu na mkali, nao ubao uliooza hutoa mlio mzito, kama unagonga gunia la mchele. Kisha shika mashine kwa chini, uiinue na kuishusha huku mwenzako akitazama mahali ubao unapokutana na mbavu za boti. Ukiona ufa unafunguka na kufunga, hata kwa upana wa unywele, ubao huo umekwisha. Mwisho, omba ruhusa ya kutoboa tundu la milimita 4 kwa upande wa ndani, karibu na chini. Unga wa ubao mzima hutoka mkavu na wa rangi ya mbao, ilhali wa ubao uliooza hutoka mweusi, umelowa, na unanuka kama majani yaliyooza kisimani. Muuzaji anayekataza tundu la milimita 4 amekwisha kukujibu.

Mimi sikutoboa. Boti niliyonunua ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, nyororo, na muuzaji alinihakikishia kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi juzi tu. Wiki ya pili nilipolegeza bolti ya chini ya mashine, maji ya kahawia yalitiririka kwenye tundu kwa muda mrefu, kisha kikafuata kitu laini mfano wa tumbaku iliyotafunwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa plaiwudi. Rangi mpya kwenye boti ya zamani inayouzwa ni sababu ya kukagua mara mbili.

Baada ya tezi, tembea juu ya sitaha peku. Unyayo huhisi mahali panapobonyea kabla jicho halijapaona. Pita pia tumboni kwa kiganja ukitafuta malengelenge: ukitoboa lengelenge na kutoka maji yenye harufu kali ya siki, maji yamepenya kwenye jelikoti (tabaka la nje linalong'aa) na kuanza kula resini (gundi inayoshika nyuzi za faiba). Malengelenge machache hurekebishika, lakini yakienea tumbo zima, gharama ya kuyakwangua inaweza kupita bei ya boti.

Na karatasi za boti?

Pata hati ya mauziano iliyoandikwa, namba ya usajili, na uthibitisho kwamba boti haidaiwi. Usalama na usajili wa vyombo husimamiwa na mamlaka za usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya, na leseni ya uvuvi ni jambo jingine linalojitegemea. Uliza mapema ofisini ni mahitaji gani ya taa, maboya na vifaa vya kuzimia moto yanayohusu boti ya ukubwa wako, ili uyaingize kwenye mpango wa kazi badala ya kutoboa upya boti iliyokwisha kupakwa rangi.

Ni msimu gani unafaa, na nitaipandishaje boti nchi kavu?

Kwa sisi wa Tanga hadi Dar es Salaam, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora. Kusi linavuma, bahari imechafuka, na boti nyingi ndogo zimepumzika kwa vyovyote. Mvua za masika zimekwisha na joto si kali kiasi cha kuigandisha resini ndoo ikiwa bado mkononi. Wakati wa masika usijaribu kabisa, kwani unyevu hewani huingia kwenye mati (mkeka wa nyuzi za faiba) na kuifanya faiba iwe na weupe wa maziwa.

Ipandishe siku za bamvua, maji yanapojaa mpaka mwisho wa ufukwe, kwa sababu maji yenyewe yatakupunguzia mita nyingi za kuvuta kwa magogo. Ondoa mashine, betri na tangi la mafuta kwanza. Ukiifikisha uani, iweke juu ya viegemeo vinavyoubeba mkuku (uti wa chini wa boti) kwa urefu wake wote, kisha uvute uzi kutoka omo hadi tezi ili kuhakikisha kwamba haijapinda. Boti ikigandishwa faiba mpya huku imepinda, itabaki imepinda.

Ni kinga gani ninazohitaji kwa kazi ya faiba?

Swali hili huulizwa mwishoni, nami nataka lisomwe mwanzoni. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu, mvuke wa resini ya poliesta hulevya na kuumiza kichwa, na hadina, ile dawa ya kugandishia, ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani inayofunga pande zote kila unapopima hadina, na weka ndoo ya maji safi hatua moja kutoka hapo. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii lolote. Tumia kinyago cha vumbi unapokata kwa grenda, na kinyago chenye vichujio vya mvuke unapopaka resini. Vaa mikono mirefu, funga vifundo kwa tepu, na ukimaliza oga kwa maji baridi kwanza. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

Onyo moja la mwisho linawahusu wanaonunua resini ambayo haijatiwa kobalti, yaani kichocheo kinachoisaidia hadina kuigandisha. Kobalti na hadina zisikutane kamwe zikiwa peke yake, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka. Kobalti huchanganywa kwanza ndani ya resini mpaka ienee, ndipo hadina ifuate. Ukiweza, nunua resini iliyokwisha kutiwa kobalti kiwandani.

Nitumie resini ya poliesta au epoksi?

Boti yako karibu hakika iliundwa kwa poliesta. Poliesta ni ya bei nafuu, inapatikana Dar es Salaam na Mombasa bila shida, na inafaa kwa viraka vya kawaida ikiwa faiba ya zamani imekwanguliwa vizuri. Udhaifu wake ni kwamba haishiki sana kitu kilichokwisha kukauka, wala haishiki mbao kwa nguvu. Epoksi hushika vyote viwili kwa uthabiti mkubwa, ila bei yake ni mara kadhaa ya poliesta.

Ushauri wangu ni kuweka fedha mahali penye mzigo: epoksi kwenye ubao wa tezi, mihimili na viraka vilivyo chini ya mstari wa maji, na poliesta kwenye sehemu za juu. Lakini zingatia mpangilio. Epoksi hukaa vizuri juu ya poliesta, ilhali poliesta haikai vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo mahali ulipotumia epoksi malizia kwa rangi badala ya jelikoti. Rangi hiyo ni ya lazima, maana jua huichakaza epoksi iliyo wazi. Vilevile, mati ya kawaida ya nyuzi zilizokatwakatwa hushikiliwa na gundi inayoyeyushwa na stirini iliyomo ndani ya poliesta. Epoksi haina stirini, na mati hiyo hubaki ngumu na kujaa hewa. Kwa epoksi tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa au kushonwa.

Nizibeje ufa au tundu ili kiraka kisibanduke?

Kiraka hushikwa na upana wake. Kwangua kingo za tundu kwa mteremko ambao urefu wake ni mara 12 ya unene wa faiba: kama ubavu una milimita 6, mteremko uwe na zaidi ya sentimita 7 kila upande. Watu wengi huona hasara kuharibu faiba nzima kiasi hicho, nao ndio ambao viraka vyao hutoka kama vibandiko vya dirishani baada ya mwezi wa mawimbi.

Futa kwa asetoni kabla ya kukwangua ili usiusukume uchafu na mafuta ndani kwa msasa, kisha futa tena vumbi baada ya kukwangua. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba huleta unene wa karibu milimita 1 na hunywa takriban kilo 1 ya resini kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo ubavu wa milimita 6 unahitaji tabaka kama sita, na ni vyema uziweke tatu tatu, kwa maana unene mwingi kwa mkupuo huchemka na kupinda. Pitisha roli ya chuma mpaka viputo vyeupe vyote viishe na mati iwe ya kung'ara kama kioo cha chai. Resini ya ziada haiongezi nguvu, bali huongeza uzito na wepesi wa kupasuka.

Mbona resini yangu haikauki, au inachemka ndani ya ndoo?

Poliesta hugandishwa kwa hadina ya asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo. Katika joto letu asilimia 1 hutosha siku nyingi, lakini usishuke chini ya hapo ukitafuta muda zaidi, kwani resini itabaki laini milele. Ukitaka muda, fanya kazi alfajiri, changanya kidogo kidogo, na uimwage kwenye sinia pana badala ya kuiacha ndooni. Nilichanganya lita 2 saa sita mchana ndani ya ndoo nyembamba, na nilipogeuka kuchukua roli ilikuwa tayari inatoa moshi. Ndoo iliyeyuka kitako na kuunguza mkeka. Kama kingekuwa kitambaa chenye asetoni, uani pangewaka.

Ikiwa imeganda lakini uso unanata, huenda haina kasoro. Hewa huzuia uso wa poliesta kukauka kabisa, na unato huo unasaidia tabaka linalofuata kushika. Kwa tabaka la mwisho na kwa jelikoti ongeza nta maalumu, ambayo hupanda juu na kuzuia hewa. Ukishatumia nta, lazima ukwangue kabla ya kuongeza tabaka jingine.

Kwa epoksi kanuni ni tofauti kabisa: uwiano wa mtengenezaji haubadilishwi. Kuongeza hadina ili ikauke haraka kunaiharibu. Ikiganda, osha uso kwa maji kabla ya kupiga msasa, kwa sababu mara nyingi huacha utando wa mafuta unaozuia rangi.

Ubao wa tezi umeoza. Nitaubadilishaje?

Kata faiba ya ndani na uache ya nje ikiwa nzima, kwa kuwa ndiyo kalibu yako na ndiyo inayobaki na umbo la boti. Kabla ya kukata, pima urefu kutoka mkuku hadi ukingo ambapo mashine inakaa: mashine za shina fupi huhitaji karibu sentimita 38 na za shina refu karibu sentimita 51. Andika kipimo hicho ukutani, kwa maana baada ya ubao kutoka hakuna kitakachokukumbusha.

Chokoa ubao wote uliooza mpaka kwenye faiba safi, na kausha kwa siku kadhaa kwa feni. Tengeneza kielelezo cha boksi, kisha kata plaiwudi mbili za kiwango cha baharini za milimita 18, uzigandishe pamoja kwa epoksi ziwe milimita 36. Plaiwudi ya dari au ya milango haifai hata kama inaonekana nzuri, kwa sababu gundi yake huachia ikilowa na ndani yake mna mapengo. Paka epoksi nyepesi pande zote na hasa kwenye kingo, ambako mbao hunywa maji kama mrija. Kisha tandaza epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wake na kuubana ubao kwenye faiba ya nje kwa bolti na vipande vya mbao. Epoksi ikitokeza pande zote, ujue hakuna pengo lililobaki. Malizia kwa tabaka za kitambaa zinazopanda kwenye mbavu na sakafu kwa angalau sentimita 15, pembe zote zikiwa zimejazwa na kulainishwa, maana nyuzi za faiba hazikunji kona kali.

Matundu ya bolti ndiyo yaliyoua ubao wa kwanza. Toboa kila tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, liache ligande, kisha toboa tena kwa kipimo sahihi katikati ya epoksi hiyo. Hapo bolti haitagusa ubao kamwe.

Povu lililo chini ya sitaha niliache?

Chimba kipande kwa kisu na ukikamue. Likitoa maji, liondoe lote: kila lita ni kilo nzima unayoisukuma kwa petroli yako, na povu lililolowa halikuelezi siku ya ajali. Weka jipya la aina isiyonywa maji, ukiacha mfereji wa kupitishia maji hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika.

Kwa nini nisitumie nyaya za nyumbani au za gari?

Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko wa mashine na mawimbi, nao wa gari wenye nyuzi za shaba tupu hunyonya maji ya chumvi ndani ya ganda lake. Ukiumenya waya kama huo baada ya mwaka mmoja utaona shaba imekuwa nyeusi na unga wa kijani mbali kabisa na ncha. Umeme bado utapita ukipima bila mzigo, lakini ukiwasha pampu utakwama. Nunua waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Ukikosa, tumia wa nyuzi nyingi wa kawaida, ziba kila ncha kwa uangalifu, na uhesabu kuubadilisha baada ya misimu michache.

Nyaya za zamani zing'oe zote. Nimeona watu wakiacha nusu kwa kuwa bado zinawasha taa, kisha wakakaa usiku mzima baharini wakitafuta ni waya upi umekufa.

Nitajuaje unene wa waya?

Zidisha 0.0175 kwa urefu wa waya kwenda na kurudi kwa mita, zidisha kwa ampea, kisha gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zinazopotea njiani. Kwa pampu na taa za njia zisipotee zaidi ya asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12.

Chukua pampu ya ampea 5 iliyo mita 4 kutoka kwenye betri. Urefu wa kwenda na kurudi ni mita 8. Kwa waya wa milimita 1.5 zitapotea volti 0.47, ambazo ni nyingi mno. Kwa waya wa milimita 2.5 zitapotea 0.28, nazo zinakubalika. Wengi hupima urefu wa kwenda tu na kusahau kwamba umeme hurudi kwa waya wa hasi.

Fyuzi ziwekwe wapi, na nyaya ziunganishwe vipi?

Fyuzi hulinda waya, na ndiyo maana hukaa karibu na betri, isizidi sentimita 18 kutoka kwenye nguzo ya chanya. Ikikaa kwenye dashibodi, mita zote zilizoko kati yake na betri hazina mlinzi, na waya ukichubuka hapo utawaka pembeni mwa tangi la petroli. Kisha kila kifaa kiwe na fyuzi yake ndogo kwenye kisanduku, na nyaya zote za hasi zikusanywe kwenye bamba moja la shaba. Usitumie chuma chochote cha boti kama njia ya kurudishia umeme, kwani kitaliwa na chumvi kwa kasi ya kutisha.

Maungio yabanwe kwa koleo maalumu la terminali, si kwa plaizi, na yafunikwe kwa mpira wenye gundi unaonywea kwa joto. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu: likichomoka mkononi, lingechomoka baharini. Kulehemu kwa risasi peke yake hakutoshi, maana waya hukakamaa penye risasi na kukatika pembeni yake. Tepu nyeusi haizuii maji, bali huyatunza. Pitisha nyaya juu kadiri iwezekanavyo, zifunge kila sentimita 45 au karibu zaidi, na kabla ya kila kifaa acha mkunjo mdogo unaoning'inia ili maji yadondoke hapo badala ya kuingia ndani. Weka lebo kwenye ncha zote mbili, na uchore ramani ya nyaya, uitie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya boti.

Pampu ya ngama ina umuhimu gani ikiwa tunakumba maji kwa kopo?

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa boti maneno hayo ni kweli tupu: maji yote, ya mvua, ya mawimbi na ya nyufa, mwisho wake ni humo. Tundu la upana wa sentimita 2.5 lililo sentimita 30 chini ya maji huingiza takriban lita 40 kwa dakika. Pampu ndogo iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa hutoa lita 32 kwa dakika, tena bila kupandisha maji juu, na ikiyapandisha hutoa pungufu zaidi. Chukua pampu kubwa kuliko unayodhani inatosha, na usitupe kopo.

Pampu ya swichi ya boya ipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe, bila kupita swichi kuu, ili ifanye kazi hata boti ikiwa nangani hakuna mtu. Ongeza swichi ya mkono pia. Maungio yake yawe juu, mahali maji hayafiki. Maungio ya pampu yaliyolala ngamani ndiyo ubovu ninaoukuta mara nyingi kuliko wowote.

Ni taa zipi zinazotakiwa usiku?

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka boti yenye mashine iwe na taa nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe. Kwa boti iliyo chini ya mita 12, taa moja nyeupe inayoonekana pande zote hutosha pamoja na hizo mbili za ubavuni. Nyeupe ionekane umbali wa maili 2 na za ubavuni maili 1. Boti inayovua kwa nyavu zinazoizuia kugeuka huru huonyesha nyekundu juu ya nyeupe. Taa za kuvutia dagaa si mbadala wa taa hizi. Tena zikielekezwa vibaya huzifunika, na meli inayopita haitajua unaelekea wapi.

Betri moja itatosha kwa taa za dagaa?

Fanya hesabu. Taa nne za LED za wati 20 kila moja ni wati 80, yaani karibu ampea 6.7. Kwa saa 8 utatumia ampea-saa 53 hivi, na betri ya asidi ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu ikiwa unataka idumu. Kwa hiyo betri moja ya 100 itakuwa mwishoni kabla hujaiwasha mashine. Weka mbili: moja kwa kuwashia mashine na pampu, nyingine kwa taa, zikitenganishwa kwa swichi. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa, na ikisoma 12.2 imefika nusu. Zifunge kwa mikanda ndani ya sanduku lenye tundu la hewa juu, mbali na petroli, kwa sababu zinapochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Siku ya kwanza majini nifanyeje?

Ishushe asubuhi, hali ya hewa ikiwa tulivu, na uiache ielee kwenye maji ya kiunoni kwa saa nzima bila kwenda popote. Pitisha kitambaa kikavu ngamani kila baada ya robo saa. Inua boya la pampu kwa kidole uhakikishe inawaka, kisha washa kila kitu kwa pamoja na upime volti kwenye pampu, si kwenye betri. Pitisha mkono kwenye maungio: lenye joto lina kasoro. Jaribu kamba ya kuzimia mashine kwa kuichomoa mashine ikiwa inanguruma.

Ndipo utoke, ukibaki ndani ya mwamba, ukiwa na boti nyingine karibu, makoti ya kuokolea maisha na kasia. Nenda polepole dakika 20, simama, angalia bolti za mashine na pembe za ubao wa tezi, kisha ongeza mwendo. Ukirudi, kaza bolti upya, kwani zitakuwa zimelegea kidogo, kausha ngama, na acha vifuniko vyote wazi usiku huo.